Watu Kumi na Mmoja, Miguu Ishirini

Kazi yangu ni kuhesabu miguu. Juu ya mlango wa studio pameandikwa PHOTO kwa rangi nyekundu, na nikiulizwa najibu kwamba mimi ni mpiga picha, lakini kazi yenyewe ni miguu. Mtu wa Baraka, mji wetu, akija kupigwa picha amevaa viatu, na viatu vikishavaliwa lazima vionekane. Ukimkata magotini, hata uso ukitoka mzuri kama wa waziri, ataishika picha, ataigeuza aone kama miguu imeangukia nyuma ya karatasi, halafu atakuuliza kwa upole, "Na ile ingine iko wapi?" Picha hiyo hailipwi. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza nahesabu vichwa, nazidisha kwa mbili, nahesabu miguu. Kisha narudia yote, kwa sababu watoto wanahama.

Nayasema haya ili ieleweke nilivyokuwa mjinga siku niliyochukua sanduku la vyombo ambavyo kazi yake ni kukata kila kitu.

Sanduku lilikuwa sokoni, kwa muuza vyuma mmoja anayepanga chini redio zilizokufa, chaja, na vitasa visivyo na funguo. Alisema lilivuka ziwa kutoka Kigoma ndani ya gunia la viatu vya mtumba. Ndani mlikuwa na pete tatu za chuma zenye nyuzi za kuzungushia kama za skrubu, mbili nyembamba na moja nene, pete nyingine ya kufungia lenzi kinyumenyume, lenzi ndogo ya zamani yenye namba zilizochongwa, na mvukuto. Mvukuto ndio ulionishika. Ngozi nyeusi iliyokunjwakunjwa, juu ya reli ya chuma, na vifundo viwili vya kuusukuma mbele na kuurudisha. Vitu hivyo vyote hukaa kati ya kamera na lenzi: kadiri lenzi inavyosogea mbali na kamera, ndivyo kitu kidogo kinavyotoka kikubwa. Watu walikuwa wakipigia picha wadudu na meno kwa vyombo vya namna hiyo kabla mimi sijazaliwa.

"Hii ni nini?" nikauliza, kwa sauti ya mtu asiyejua. Muuzaji akigundua kwamba unajua, bei inasimama wima.

"Kinanda ya mutoto."

"Inalia?"

Akaukunjua, akaukunja. Ukatoa pumzi kidogo. "Ya mutoto mupole," akasema.

"Na hizi pete?"

"Za kuvala." Akaangalia kidole changu, akaangalia pete. "Kwa mutu munene."

Tukaelewana bila pesa: sanduku lake, kwa picha moja kubwa ya familia yake nzima, pamoja na fremu. Nilihesabu pete mara mbili. Nilihesabu mikunjo ya mvukuto mara mbili, kumi na sita. Kitu ambacho sikukihesabu ni familia. Jumapili walifika watu ishirini na watatu, wawili wao kutoka Kazimia wakiwa bado na mifuko ya safari, na ikabidi niung'oe mlango wa studio kwenye bawaba ili nipate pa kurudi nyuma. Miguu arobaini na sita. Nilipata arobaini na minne. Nyanya yao alikuwa ameikalia yake. Tukaanza upya.

Kamera yangu ni ya kidijitali, ya kisasa, niliinunua Uvira, na ina kiburi. Mdomo wa mvukuto ni wa nyuzi, mdomo wa kamera ni wa meno. Havikuwa na nia ya kukutana. Nikachukua kifuniko cha plastiki cha kamera, nikakipeleka kwa fundi wa pikipiki, akakitoboa katikati na kuibandika juu yake pete ya nyuma ya mvukuto, ile inayofunguka, kwa gundi ya kuzibia tangi la mafuta. Imeshika hadi leo. Ngozi ilikuwa na tundu linaloingiza mwanga, tukaliziba kwa kiraka cha mpira wa baiskeli. Nikaunganisha vyote, nikawasha. Kamera ikaniandikia kwa Kifaransa kwamba haioni lenzi yoyote, kwa hiyo haipigi.

Nilibembeleza siku mbili. Niliizima, nikaiwasha. Niliitoa betri nikaiacha ipumzike, kama mtu aliyekasirishwa. Mke wangu, ambaye huuza vitenge kwenye baraza la studio na husikia kila kitu, akasema, "Bwana yangu, ile mashine imekuambia hapana. Wengine tunasemaka hapana mara moja na unasikia."

Siku ya tatu, ndani kabisa ya mipangilio, nikakuta mstari unaoiruhusu kamera kupiga hata kama haioni lenzi. Kama karani, ilikuwa inataka tu kuombwa kwenye dirisha lake. Kitu cha kwanza nilichopiga ni punje ya chumvi. Ikatoka kama friji. Cha pili, goti la nzi. Nilijivunia goti lile. Unyoya mmoja mmoja ulionekana. Nikamwita mke wangu aje atazame kwenye kioo cha kamera. Akatazama.

"Na ile ingine iko wapi?" akauliza.

Basi sanduku likapanda juu ya kabati, na lingebaki huko kama si mama mkwe.

Kwetu mwanamume na mama wa mkewe hawakaribiani. Hawapeani mikono, hawali wakitazamana, na wakikutana njiani mmoja wao hupata ghafla kitu cha kuangalia kando ya barabara. Ni heshima, na mimi naishukuru, kwa sababu mama mkwe wangu ana neno juu yangu ambalo hajalimaliza. Siku ya mahari nilihesabu mbuzi mara mbili. Kila mkwe anahesabu. Kosa langu ni kwamba nilihesabu kwa sauti, halafu nikauliza kama yule mwenye mimba hawezi kuingia kama wawili. Tangu siku ile, nyumbani kwao mimi ni "ule wa kuhesabu". Wakwe wengine wana majina.

Baba mkwe alifariki, na mwaka ulikuwa umefika. Siku ya kuondoa kilio ilipangwa iwe Jumamosi. Siku hiyo ndugu hukusanyika, mjane huvua nguo nyeusi, watu hula, na familia yote huvaa fulana yenye picha ya marehemu. Fulana zingepigwa chapa Uvira, na mwenye mashine aliitaka picha Alhamisi asubuhi. Shida ni kwamba baba mkwe hakupenda kamera. Alimwoza binti kwa mpiga picha na hakukanyaga studio yangu hata mara moja, alisema nitamhesabu. Kadi yake ya kura ilikuwa imefutika uso kwa jasho la mfukoni. Ilibaki picha moja duniani, ya ujana wake: wanaume kumi na mmoja wa kwaya wamesimama mstari mmoja mbele ya ukuta wa kanisa, kwenye karatasi inayotosha kiganjani. Yeye ni wa tisa kutoka kushoto. Amemkumbatia wa kumi begani. Uso wake ni mkubwa kama punje ya mahindi.

Mkwe mwenzangu, aliyeoa dada mkubwa wa mke wangu, alikuwa ameshajaribu bahati yake. Aliipeleka picha kwa kijana wa fotokopi, ambaye alikata kichwa na kukipandikiza juu ya mwili wa bwana mmoja mwenye suti, mbele ya jumba lenye ngazi za kioo. Mama mkwe aliitazama muda mrefu.

"Kichwa iko ya bwana yangu," akasema. "Tumbo iko ya nani?"

Hakuna aliyejua.

"Basi mi siwezi kulilia tumbo ya mutu sijui. Muniletee bwana yangu muzima, kichwa mpaka viatu. Kama hapana, tungojee mwaka mwingine, na hii nguo nyeusi nabakia nayo."

Hapo ndipo mambo yalipokwama. Yeye huuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, sokoni, kwenye jua, na mwaka mzima alikuwa amekaa ndani ya nguo nyeusi kama jiwe la jiko. Mke wangu alikuwa ameshamchagulia kitenge cha kuvaa siku ya kuvua, cha kijani chenye ndege, kimekunjwa barazani kikingoja. Kila jioni mama alipita, akakigusa pembe, akaendelea na safari. Kwa hiyo mke wangu hakuniuliza. Alisema tu mbele ya wote, "Bwana yangu iko na chombo ya kupiga goti ya nzi."

Mama mkwe alikuja Jumanne asubuhi, picha ameifunga ndani ya leso tatu.

Tatizo la kwanza halikuwa la lenzi. Studio yangu ni chumba kimoja, na sisi wawili haturuhusiwi kuwa karibu. Tukapatana hivi: yeye akae nyuma ya pazia la kupigia picha, lile lililochorwa maporomoko ya maji na ndege ya abiria inayopita chini mno, mimi nikae mbele na meza yangu dirishani. Nikisema jambo nilikuwa nikiyaambia maporomoko, na maporomoko yalikuwa yakinijibu. Akitaka kutazama kioo cha kamera, mimi nitoke nje hadi barazani, mke wangu aite "Ametoka," mama azunguke, atazame, arudi, mke wangu aite "Eko kwa nafasi," nami niingie.

Nililaza picha mezani, nikaikandamiza pembe nne kwa vijiwe vinne, nikaigeuza kamera itazame chini na mvukuto ukining'inia kama pua. Kwa umbali ule hata kupumua ni kosa. Unene wa ukucha ukisogea, mtu wako anatoweka kwenye ukungu. Kidole changu chenyewe kilikuwa kinatikisa meza, kwa hiyo niliiambia kamera ingoje sekunde mbili kabla ya kupiga, nami nilingoja pikipiki zipite kwanza. Barabarani kwetu hazipungui.

Nikampata baba mkwe, uso wote. Nikatoka. "Ametoka." Nikasikia hatua. Halafu sauti ya mama mkwe, imetulia kabisa:

"Mukwe. Bwana yangu iko na ndevu inatembea."

"Mama?"

"Inatembea. Sasa imefika kwa jicho."

Nilipoingia, sisimizi alikuwa ameshamaliza baba mkwe na yuko katikati ya wa nane. Nikampuliza. Nikaanza upya. Nikatoka. "Ametoka." Safari hii pindo la nguo yake liligusa mguu wa meza, na yeye akasema kwamba anaona vizuri sana, ila huyu ni wa saba, na wa saba alikuwa mwizi wa kuku. Nikaingia, nikarekebisha, nikatoka. Akaona ukuta. Nikaingia, nikarekebisha, nikatoka. Akaona sikio.

"Sikio iko yake," akakubali. "Lakini mi siombi kwa vipande, kama nyama."

Nikaona heshima itanimaliza na Alhamisi ipo mlangoni. Nikaamua kumpa kitu ambacho hata mtu mwenye hasira atakivulia kofia: baba mkwe mkubwa kuliko wote. Niliusukuma mvukuto mikunjo yote kumi na sita, hadi ukafika mwisho wa reli. Kioo cha kamera kikawa kama kimeingia mawingu, maana mvukuto ukirefuka mwanga unapungua njiani, ikabidi mke wangu asimame nje dirishani na shuka jeupe kurudisha jua. Nikazungusha kifundo taratibu sana. Nikatafuta jicho. Nikaona kijivu, nikaona kijivu kingine, nikaona vidoti vyeusi vimetawanyika kama unga wa muhogo juu ya mkeka. Nikazungusha tena. Unga.

"Unaona nini?" yakauliza maporomoko.

"Naona... niko ndani ya shavu, mama."

"Unafanya nini mule?"

Picha ya zamani imetengenezwa kwa chembe, na mimi nilikuwa nimeingia kati ya chembe. Baba mkwe alikuwepo kote, na hakuonekana popote.

"Rudi nyuma, mukwe," akasema. "Hata mi nikikaa karibu sana na watu siwaonake."

Nikarudi nyuma. Niliutoa mvukuto, nikarudisha lenzi yangu ya kawaida, nikaanza na picha nzima ya kwaya, ili nijue niko wapi. Na kwa kuwa ni picha, na kwa kuwa mimi ni mimi, nilihesabu. Vichwa kumi na moja. Miguu ishirini. Nikahesabu tena kutoka kulia kwenda kushoto. Ishirini.

Mtu mwenye akili angenyamaza.

"Samahani mama," nikasema. "Inakosekana miguu miwili."

Pikipiki tatu zikapita barabarani.

"Mukwe," yakasema maporomoko mwishowe. "Mbuzi ulipunguza. Sasa hata kwaya?"

"Mama, nimehesabu mara mbili."

"Najua umehesabu mara mbili."

Mke wangu, bado na shuka lake dirishani, alikuwa akicheka bila sauti, na jua lote la studio lilikuwa linatetemeka.

Hapo sasa mvukuto ulinifaa. Niliufunga tena kwenye kamera, ukiwa umekunjwa zaidi ya nusu, nikaanza kupita kwenye viatu vyao mmoja mmoja, kama mtu wa forodha. Wa kwanza, viwili. Wa pili, viwili. Mwizi wa kuku alikuwa na viwili, vizuri kuliko vya wote. Wa kumi na moja, viwili. Waliobaki ni wa tisa na wa kumi. Baba mkwe alikuwa amesimama kwa mguu wa kulia peke yake, na mguu huo una kiatu cha rangi mbili, cheusi chenye pua nyeupe. Jirani yake amesimama kwa mguu wa kushoto peke yake, na mguu huo una kiatu cha rangi mbili, cheusi chenye pua nyeupe. Kamba ya kiatu cha kwanza imekatika nusu na kufungwa fundo. Kamba ya cha pili ni ile nusu nyingine.

Nikapanda kidogo. Nyuma ya goti la baba mkwe, palipokuwa na giza la suruali, nikaona vidole vya mguu vimeshika kitambaa. Vitano. Nikavihesabu tena. Vitano, vitupu, bila soksi.

Familia ile ilikuwa imeitazama picha hiyo miaka yote na kusema mambo mawili: kwamba baba alimpenda rafiki yake mpaka akamkumbatia mbele ya kanisa, na kwamba uso wake ulikuwa mzito kwa sababu alikuwa anawaza mambo ya Mungu. Nikarudi kwenye uso, safari hii kwa kiasi, na nikaona uso wa mtu anayesimama kwa mguu mmoja. Hawakuwa wamekumbatiana. Walikuwa wameegemeana kama miti miwili ya kibanda. Mmoja angeachia, kwaya yote ingelala chini.

Nikaeleza kwa upole nilivyoweza. Nikatoka, mama akazunguka, akatazama kiatu kimoja, kisha cha pili, kisha vidole. Aliporudi nyuma ya pazia nilisikia kiti kikilia.

"Ile viatu naijua," akasema. "Alikuja nayo kwa baba yangu siku ya kuniomba. Yote mbili. Nilihesabu." Sote watatu tulikuwa tumelisikia neno hilo. "Ndiyo, nilihesabu. Mutu akija kukuomba unaangalia kwanza miguu. Sasa moja inafanya nini kwa ule mutu?"

Ule mutu alikuwa hai, anaishi Swima, na mke wangu alikuwa na namba yake. Akampigia, akaweka simu mezani kwa sauti kubwa, karibu na kwaya. Mzee alipoelewa anaulizwa nini, akacheka kwanza, kwa muda ambao vocha haikupenda.

"Mupiga picha alitoka Uvira," akasema. "Alisema, bila viatu hakuna picha, asiye nayo anatoka kwa mustari. Wengine walikuwa nayo. Sisi babili tulikuwa na jozi moja. Tulifanya nini? Tuligawa."

"Jozi ya bwana yangu," yakasema maporomoko.

"Mama, salamu. Sikujua uko hapo." Simu ikakohoa. "Hapana. Ya kwangu."

"Alikuja nayo kwa baba yangu."

"Najua alikuja nayo. Ile siku mi sikutoka nyumba."

Nilitazama chini, kwenye viatu. Halafu nikaona maporomoko yanasogea. Kitambaa kizima kilikuwa kinatikisika, na ndege ya abiria, ambayo tangu niinunue ilikuwa haijaenda popote, ilikuwa inapanda na kushuka. Mama mkwe alikuwa anacheka. Sijawahi kumsikia akicheka kabla ya hapo, na sikujua nifanye nini, kwa hiyo nilikitazama kiatu.

"Alikaa miaka yote ile," akasema alipopata pumzi, "na kila nikimukasirikia anasemaka, ulinipenda nikiwa na viatu. Kumbe ya mutu. Mutu wa Swima ndiye alinioa nusu."

"Nusu ya chini," ikasema simu.

Lakini ile shida ilibaki palepale. Baba mkwe mzima, kichwa mpaka viatu, hakuwepo. Alikuwepo mtu mwenye mguu mmoja, na mtu wa mguu mmoja hatoki kwangu na picha. Nikasema naweza kujaribu kumchorea mguu wa pili kwenye kompyuta. Mama akauliza, mguu wa nani. Nikasema basi nimkate magotini. Mtu wa kazi yangu kusema neno hilo, hata mimi niliona aibu.

"Piga bote babili," akasema. "Batu babili, miguu mbili, viatu jozi moja. Iko kamili."

"Mi niko muzima," ikasema simu haraka. "Mutaniweka kwa fulana ya kilio na ndagala ninakula?"

Hapa ndipo nilipoingia, maana kupatanisha ndiko ninakokujua. Mzee alitaka uso wake ufunikwe. Mama alikataa, akasema mwenye viatu lazima ajulikane. Mzee alitaka aandikiwe chini yake mstari mzima unaosema yeye ni rafiki, yu hai, anaishi Swima, na afya yake ni nzuri. Nikamwambia mwenye mashine wa Uvira hana nafasi ya habari yote hiyo kifuani pa mtu. Tulishuka neno kwa neno. Mstari ukawa maneno matano, matano yakawa mawili, na mwisho tukakubaliana neno moja.

Ile picha ya mwisho haikuhitaji mvukuto hata kidogo. Niliutoa, nikafunga lenzi juu ya zile pete mbili nyembamba tu, zile za "mutu munene", na wale wawili wakaingia kwenye kioo kutoka nywele hadi pua za viatu, wakionekana wazi kama wamepigwa jana. Nilingoja pikipiki ipite. Vichwa viwili. Miguu miwili. Nikarudia. Sekunde mbili, ikapiga. Mama akazunguka kutazama, na safari hii hakugusa meza. Alikaa sana. Mke wangu hakuita.

Jumamosi fulana zilikuwepo. Kwenye kifua cha kila mtu walisimama vijana wawili walioegemeana, chini ya wa kushoto jina la marehemu, chini ya wa kulia, kwa herufi kubwa: BADO.

Mzee wa Swima alikuja na pikipiki, amevaa ya kwake, akashinda mchana kutwa kidole kikiwa juu ya neno lake. Shangazi mmoja kutoka Kazimia alimwona akitokea nyuma ya nyumba, akaitazama fulana, akamtazama yeye, akamwomba amshike mkono kwanza ndipo amsalimie. Jirani mmoja Mrundi, mkulima, mtu makini, alimwuliza "bado" maana yake ni lini. "Ngojea kwanza nikule," akamjibu. Alikula mahali pawili, nilimhesabu. Na alikuja miguuni amevaa kandambili, akasema viatu vimemletea maneno ya kutosha.

Mama mkwe alivua nyeusi. Alipita uani na kitenge cha kijani chenye ndege, na wanawake wakapiga vigelegele mpaka mbuzi waliobaki wakahamia kwa jirani. Nilimwona kwa mbali, kama inavyotakiwa, kwa pembe ya jicho, halafu nikapata kitu cha kuangalia kando.

Sisi wakwe tulikaa upande wa pili wa ukuta wa jiko, ili tusile mbele yake. Mkwe mwenzangu, yule wa suti na ngazi za kioo, aliletewa sahani ya wali na mchuzi. Mimi mke wangu aliniletea beseni lililofunikwa.

"Mama ametuma," akasema.

Nikafunua. Lilikuwa paja la mbuzi, zima, limechomwa vizuri, na mguu wake hadi kwato. Katika nyumba ile sikuwahi kupewa zaidi ya mbavu.

"La pili liko wapi?" nikauliza.

"Kwa mwenye viatu."

Nikalifunika. Nikalifunua tena, nitazame vizuri kama ni moja kweli.

"Mukwe," ikasema sauti upande wa pili wa ukuta, karibu kabisa na sikio langu. "Usihesabu. Kula."